Zoezi la kizunguzungu tumelifanya, mbona hali ni ile ile?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Tanga. Hii ni wiki ya tatu, akigeukia upande wa kulia kitandani nyumba nzima inamzunguka, anashikilia godoro, kisha baada ya muda mfupi inatulia. Akisujudu ni hivyo hivyo, na akiinua uso kuanika nguo. Anatumia amlodipini, zahanati walisema ni presha tu, wakaongeza sinarizini, dawa ya kizunguzungu, nayo inampa usingizi mchana kutwa. Nikaona video ya zoezi la Epley, lile la kumgeuza mgonjwa kichwa na mwili kitandani, tukalifuata kama lilivyo: dada wa kwenye video anaanza kwa kugeuza kichwa kushoto, nasi tukaanza hivyo, mto chini ya kichwa, nahesabu mpaka kumi kila mkao. Siku nne, hakuna nafuu. Je, mazoezi kweli yanatibu kizunguzungu au tunapoteza muda?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ingawa wagonjwa wameniita hivyo mpaka nimezoea. Zoezi mlilochagua ndilo lenyewe. Mmelifanyia sikio silo.

Nianze na presha, maana imesingiziwa. Mtu ambaye presha yake hushuka, pengine kwa sababu ya dawa, huona giza na kuyumba anaposimama. Mama yako hupatwa akiwa amelala, tena akigeukia kulia. Presha haijui kulia na kushoto. Amlodipini aendelee nayo kama alivyoandikiwa.

Kinachomsumbua kiko ndani kabisa ya sikio. Humo mna kifuko chenye chembe ndogo sana za chokaa, zimenata kwenye utando laini, nazo huujulisha ubongo chini ni wapi. Pembeni yake iko mifereji mitatu iliyopinda, imejaa majimaji, nayo hupima mzunguko wa kichwa. Umri ukisogea, au mtu akigonga kichwa, chembe kadhaa hubanduka na kuingia mferejini, mara nyingi ule wa nyuma. Kichwa kikigeuka, zinaporomoka na kuyasukuma majimaji, na sikio linapeleka habari ya uongo kwamba mama anazunguka wakati ameshatulia. Zikitua, uongo unakoma. Ndiyo sababu hali hiyo haimalizi dakika, na ndiyo sababu kidonge hakiiponyi: sinarizini hupunguza makali ya kichefuchefu, lakini chembe zimekaa pale pale. Tena kwa mtu wa miaka 63 usingizi huo unamwangusha, na ikitumiwa miezi mingi inaweza kumletea mtetemeko wa mikono. Mwulizeni aliyeiandika kama bado inahitajika.

Sasa makosa yenu. Video ilikuwa ya sikio la kushoto, na maelezo yako yananielekeza la kulia. Mto chini ya kichwa umezuia kichwa kulala nyuma vya kutosha, kwa hiyo mfereji haukupinduka. Na kuhesabu kumi ni haraka mno. Chembe hizo huzama polepole kama mchanga kwenye uji. Mimi husubiri dakika nzima, na chini ya nusu dakika sikubali.

Kabla ya kurudia, hakikisheni sikio. Kipimo chake kimeandikwa tangu 1952 na madaktari Dix na Hallpike wa London, nacho hakihitaji mashine. Mama akae kitandani miguu imenyooka, mto uwe mahali ambapo akilala utaangukia chini ya mabega. Mgeuze kichwa kulia, nusu ya njia kuelekea begani. Mlaze chali kwa haraka kidogo huku umekishika, kichwa kining'inie kidogo nyuma ya mto, bado kimeelekea kulia. Macho asiyafumbe hata kama anaogopa, na mtu mwingine ayarekodi kwa simu. Kama ni mfereji wa nyuma wa kulia, baada ya sekunde chache macho yataanza kurukaruka kuelekea paji la uso huku yakijizungusha, kisha yatatulia yenyewe kabla ya dakika kwisha. Mwinue, apumzike, pimeni kushoto. Mgonjwa anaweza kukosea upande. Macho siyaoni yakikosea mara nyingi.

Kulia kukithibitika, anzeni na mkao ule ule wa kipimo, dakika moja. Bila kumwinua, geuza kichwa taratibu mpaka kitazame kushoto kwa kiasi kile kile, dakika moja. Kisha alalie ubavu wa kushoto, kichwa kikigeuka pamoja na mwili mpaka pua ielekee sakafuni, dakika moja tena. Hapa kizunguzungu kinaweza kurudi, na ndipo watu wengi wa nyumbani hupata huruma wakamwinua. Msimwinue; chembe zinasafiri kuelekea kwenye kifuko chake. Mwisho aketi kwa upande huo huo wa kushoto, kidevu kimeinama kidogo, nawe umshike kwa nguvu kwani wengine huhisi kama wanatupwa.

Dkt. John Epley wa Portland, Marekani, wenzake waliona ni kichekesho kutibu sikio kwa kumgeuzageuza mtu kitandani, mpaka alipochapisha matokeo yake 1992. Leo takriban wagonjwa wanane kati ya kumi hupata nafuu kwa kufanyiwa mara moja hadi tatu. Baada ya hapo hana haja ya kulala amekaa wala kuvaa kola ya shingo.

Kama mama ana ugonjwa wa shingo, aliwahi kuambiwa pazia la ndani ya jicho (retina) limeachia, au alipata kiharusi karibuni, msifanye nyumbani. Nendeni idara ya fiziotherapia ya hospitali ya mkoa mkiwa na ile video ya macho. Nendeni pia kama macho yanaruka kuelekea kulia na kushoto, au kuelekea chini, au hayatulii. Mfereji mwingine una zoezi lake, na macho ya kushuka chini wakati mwingine shida iko kwenye ubongo. Ulimi mzito, uso kupinda, kuona vitu viwili, mkono au mguu kufa ganzi, maumivu makali ya ghafla ya kichwa, sikio kuziba ghafla lisisikie: hayo ni ya dharura siku hiyo hiyo.

Akishapona mzunguko, anaweza kubaki kama anaelea kwa siku kadhaa au wiki mbili hivi. Hapo ndipo huruma ya watoto inapoharibu: akae tu, asiguse kazi. Ubongo hujifunza upya kwa kutumika. Atembee kila siku huku akitazama kulia na kushoto. Asimame kwenye kona ya chumba, ukuta mgongoni na kiti mbele, miguu pamoja, nusu dakika macho wazi, kisha nusu dakika amefumba. Kwa wiki hii, kama sijida inamtisha, aswali ameketi kwenye kiti.

Na swali lako la jumla, kama mazoezi yanatibu: inategemea kizunguzungu gani. Kwa mtu aliyechomwa sana sindano za antibiotiki kama streptomisini au jentamisini na mizani ya masikio yote mawili ikaharibika, Epley haisaidii kitu. Yeye hufundishwa kukazia macho herufi moja ukutani huku akitikisa kichwa, mara kadhaa kwa siku, kwa miezi.

Hali hii hupenda kurudi, pengine mwakani. Andikeni nyuma ya daftari lake la kliniki: sikio la kulia au la kushoto, tarehe, na mara ngapi mlifanya mpaka akapona.