Tulivyotafuta namba za simu za bure katika saraka ya AT&T

Mwenzetu ameuliza jinsi watu walivyozipata namba za simu za bure za Marekani kabla ya injini za utafutaji kuenea, na kama saraka ya mtandaoni ya AT&T, kampuni kubwa ya simu ya huko, ilitosha. Nilikuwa mwanafunzi huko katikati ya miaka ya 1990 na niliitumia sana. Ilinifaa mno, lakini kutoliona jina la kampuni humo hakukuthibitisha kwamba kampuni hiyo haina namba ya bure.

Huduma ya 800, yaani ya namba zinazoanza na 800, ambayo gharama yake hulipwa na anayepigiwa, ilianzishwa na AT&T mwaka 1967. Kwa miaka mingi aliyehitaji namba alipiga 1-800-555-1212 akamtajia opereta jina la kampuni, au alitafuta saraka ya kitabu. Saraka ya mtandaoni ilikuruhusu kupekua kwa aina ya biashara, kama bima au vipuri vya magari, hata kama hukujua jina la kampuni hata moja, na kwa mgeni wa nchi ile huo ulikuwa msaada mkubwa kweli. Hata hivyo, ilikuwa saraka ya AT&T yenye namba za biashara zilizokuwa wateja wa AT&T, ilhali kampuni nyingine za simu, MCI na Sprint, nazo zilikuwa na wateja wao. Kabla ya Mei 1993, tarakimu tatu zilizofuata 800 zilionyesha namba inahudumiwa na kampuni gani ya simu. Tangu hapo mteja aliweza kuhama na namba yake, basi tarakimu zile hazikukuonyesha tena uitafute kwa nani. Kwa hiyo nilianza mtandaoni, nikikosa nikampigia opereta wa 555-1212, na huko nako nikikosa nilitafuta namba ya kawaida ya makao makuu katika kitabu cha simu cha mji husika.

Jamaa zangu wa Dar es Salaam waliponiagiza namba za vyuo au za wauza vipuri, ugumu ulikuwa mwingine, kwa sababu namba za 800 kwa kawaida hazikupatikana kutoka nje ya Amerika Kaskazini. Nilijifunza kuipiga mwenyewe ile namba ya bure na kumwomba karani anipe namba ya kawaida yenye msimbo wa eneo, kisha hiyo ndiyo niliyowatumia.

Machi 1996 zilipoongezwa namba za bure zinazoanza na 888, kwa kuwa za 800 zilikuwa zinakwisha, uangalifu zaidi ulihitajika: tarakimu saba zilezile zingeweza kuwa za biashara moja zikitanguliwa na 800, na za nyingine kabisa zikitanguliwa na 888. Ukikuta namba katika karatasi za zamani, usizibadilishe tarakimu tatu za mwanzo kwa kudhani kwamba zote huishia mahali pamoja.