Bastola ya bei nafuu: anza na mfuko na magazini

Umeuliza kipi kitangulie kuongezwa kwenye bastola yako nafuu kati ya triga mpya, saiti (kifaa cha kulengea) ya nukta nyekundu na tochi. Kwa sasa acha vyote vitatu. Pesa ya kwanza iende kwenye mfuko wa kubebea bastola kiunoni, wa plastiki ngumu, uliotengenezwa kwa modeli yako hasa, unaofunika triga yote na kubaki wazi mdomoni bastola ikitolewa. Mfuko wa kitambaa laini hujikunja. Ukirudisha bastola, ukingo wa mfuko unaweza kuingia kwenye triga na kufyatua risasi mguuni. Uvae na mkanda mgumu, la sivyo bastola itaning'inia.

Kisha nunua magazini (visanduku vya risasi vinavyoingizwa kwenye mpini) mbili tatu za kiwanda kilekile kilichotengeneza bastola. Bastola nafuu ikikwamakwama, mara nyingi chanzo ni magazini: midomo imepinda, au springi imechoka na risasi haipandi kwa wakati. Ziandike magazini namba; risasi zikikwama kila mara kwenye yenye namba ileile, hiyo itoe.

Saiti za chuma badala ya plastiki zina faida, ila pima kwanza mfereji wa kushikia saiti kwenye slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma na mbele), kwani modeli nyingi nafuu zina vipimo vyake zenyewe.

Springi nyepesi za triga sizipendekezi kabisa kwa bastola ya kujilinda. Baadhi hupunguza nguvu ya pini inayogonga kitako cha risasi, na risasi isilipuke. Pesa inayobaki nunulia risasi za mazoezi, angalau 200, pamoja na chache bandia za kujizoeza kuvuta triga bila kutikisa mkono.