Boom (hela ya kujikimu ya mkopo) haijaingia na wenzako wameshasaini: anzia kwenye usajili

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) wamekupangia mkopo, kwenye akaunti yako ya mkopo mtandaoni (SIPA) unauona, ila wenzako wa mwaka wa kwanza wameshasaini kupokea boom na jina lako halimo kwenye orodha ya chuo.

Usikimbilie kulalamika Bodi. Angalia kwanza usajili wako chuoni. Kama umekwama katikati, labda kwa ile sehemu ya ada unayolipa mwenyewe, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha linganisha majina na namba ya mtihani wa kidato cha nne kwenye fomu ya mkopo, udahili na benki. Mimi nilikwama hapo: benki majina mawili, cheti matatu.

Halafu mfuate afisa mikopo wa chuo ana kwa ana, asubuhi, na nakala zako mkononi. Simu msimu huu hazipokelewi (siwalaumu, foleni unaijua). Muulize swali moja tu: jina langu limeshapelekwa Bodi au bado? Kama bado, akwambie kinachokosekana.

Ila kama ulihama chuo baada ya kupangiwa, hiyo sijaipitia. Aliyepitia aje akusaidie.