Re: Chini ya mwembe hakuoti kitu, nipande nini cha kudumu?
Salaam mkuu. Umesema uko Tabora, mwembe umefunika ua mzima, udongo ni kichanga, na maua umepanda mara mbili yakafa. Kwangu ilikuwa hivyohivyo.

Kabla hujanunua mche wowote, chimba kidogo tu kwa jembe. Ukikuta mizizi myembamba imesukana kama mkeka, basi shida si kivuli peke yake, mwembe unakunywa maji yote. Usiikate mizizi mikubwa. Tafuta nafasi katikati yake, chimba vishimo, ujaze samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza, iliniponza mimi.

Penye giza kabisa weka ile mimea ya majani magumu yaliyosimama kama panga, yenye mabaka. Haidai kitu, ukiimwagilia sana ndipo inaoza. Pembeni, jua la asubuhi linapopenya, panda manjano. Kiangazi majani yatakauka, usiyang'oe ukidhani yamekufa, mvua za Novemba zikikolea yanachipua. Magimbi achana nayo, labda karibu na bafu maji yanapotiririka.

Na acha kufagia majani yote ya mwembe, jamani! Ndiyo mbolea yako hayo. Tangawizi sijaipanda kivulini, aliyejaribu aseme.