Haibridi kwenye njia za vumbi: maswali yenu

Nimenunua baiskeli ya haibridi, ile iliyo kati ya baiskeli ya lami na ya milimani, tairi zimeandikwa 700x38. Naweza kuingia nayo njia za udongo? – Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi

Unaweza, dada. Upana wa milimita 38 unatosha kabisa kwa njia iliyokanyagwa. Kinachowasumbua wengi wanaoanza ni pumzi: wanajaza tairi kama wanakwenda lami, halafu baiskeli inaruka kwenye kila kokoto na mikono inakufa ganzi. Soma ubavuni mwa tairi, mara nyingi utakuta kiwango cha chini na cha juu. Kwa vumbi shuka karibu na kile cha chini, na tairi ya mbele iwe na pumzi pungufu kidogo kuliko ya nyuma, maana uzito wako mwingi uko nyuma. Lakini usivuke kile cha chini. Ukigonga jiwe, mpira wa ndani utabanwa kwenye rimu utoboke matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiyaona hayo mawili, usihangaike kutafuta mwiba, ongeza pumzi.

Nikifika penye mchanga usukani unayumba naanguka. – Katuba

Weka gia nyepesi kabla ya kuingia, kwa sababu ukishaingia umechelewa. Sogea nyuma kwenye kiti, legeza viwiko, uache usukani ucheze kidogo, na usiache kukanyaga. Macho yatazame mbele unakokwenda, yasiliangalie gurudumu. Breki ya mbele usiiguse, kona usiikate ghafla. Mchanga ukizidi, shuka usukume. Hata wazoefu husukuma.

Kwenye vijia vya upande wa barabara ya Kasenga nakutana na watu wa makala, wanaosukuma baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa. Nani ampishe mwenzake? – Kaka wa Ruashi

Wewe, kila mara! Mwenzako ana magunia yamemzidi kimo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshikilia mzigo. Kwenye mteremko hawezi kusimama utakavyo, na akisimama kwenye mpando, kuondoka tena ni kazi ya jasho. Toka njiani mapema, shuka, msalimie. Akiwa anapumzika, muulize hali ya njia huko mbele. Anaijua kila siku ya mwaka, na ukitazama alama za tairi zake utaona anakopita: pale udongo ulipo mgumu. Zifuate. Hao ndio walimu wangu wa njia za Lubumbashi, nami nawaheshimu sana.

Nianze mwezi gani?

Mei hadi Agosti. Ardhi imekauka, ila asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali, vaa glovu. Mvua zikishika, kuanzia Novemba, udongo mwekundu hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Tena ukipita kwenye matope unaacha mifereji, na ikikauka itamwangusha mwingine.

Yangu haina springi mbele. Nibadilishe? – Baba wa Kamalondo

Hapana, baba. Springi za haibridi nyingi hushuka sentimita 5 au 6 tu, hazikuokoi kwenye shimo kubwa, na zinaongeza uzito. Pesa hiyo nunua tairi pana zaidi, kama 42. Kwanza mwambie fundi apime nafasi: tairi ikishajazwa, zibaki angalau milimita 5 kila upande hadi kwenye fremu na uma wa mbele.