Maswali ya Wasomaji: Vikapu Arobaini na Shilingi Elfu Tatu

Barua za mwezi huu zimetoka Dunga, Kondele, Nakuru, Tabaka na Kakamega. Karibu zote zina kilio kimoja: kazi ya mikono ipo na ni nzuri, lakini wanunuzi hawaijui na pesa ya kuitangaza ni kidogo. Tumefupisha barua, ila majibu hatukuyafupisha pale palipokuwa na la kusema.

Tuko akina mama watano hapa Dunga, Kisumu, tunasuka vikapu vya magugu maji. Vikapu arobaini vimekaa nyumbani. Tumechanga shilingi 3,000 za kutangaza, na kijana mmoja anatuambia tumpe zote alipie tangazo la Facebook. Tumpe? (Wasusi, Dunga)

Msimpe bado, mama zetu. Tangazo la kulipia kazi yake ni kuleta watu mlangoni. Wakifika wakute picha ya giza, bei hakuna na simu haipokelewi, wataondoka, na pesa haitarudi. Anzeni na mlango.

Kwanza vikagueni vyote arobaini. Bua la magugu maji ni kama sifongo: hata likishakauka hunywa unyevu wa hewa, na kikapu kilichokaa chumbani msimu wa mvua huota ukungu kwenye kitako, mahali ambapo hakuna atazamaye. Tieni pua ndani mnuse. Chenye harufu ya uvundo kipigwe brashi kavu na kuanikwa penye upepo siku mbili au tatu, na kisiuzwe kabla harufu haijaisha. Msivifungie kwenye nailoni, hata wakati wa kumpelekea mteja, tumieni magazeti. Mteja mmoja aliyefungua mzigo akakuta ukungu atawaambia wenzake, na hilo hakuna tangazo litakaloliziba.

Sasa picha. Katika ile mliyotutumia, kikapu kimewekwa chini ya turubai la buluu, na ile rangi yake ya asali imegeuka kijivu kama samaki aliyelala. Mwanga ukipenya turubai hubeba rangi ya turubai, na simu haijui kuitoa. Tokeni nje, mkae kwenye kivuli cha ukuta, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta; saa sita jua liko utosini, kivuli cha kishikio kinaangukia ndani na mdomo wa kikapu unaonekana kama shimo jeusi.

Nunueni karatasi mbili nyeupe za manila. Moja iegemezeni ukutani ishuke hadi chini bila kukunjwa, kikapu kikae juu yake. Ya pili mtu aishike upande ule usio na mwanga, irudishe nuru kwenye kivuli. Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole ndiyo huleta ule ukungu mweupe kwenye picha. Zimeni flashi. Simameni kama hatua mbili nyuma, kisha mvute picha kidogo kwa vidole. Simu ikikaribia mno, mdomo huonekana mpana kuliko ulivyo na kitako chembamba, na mnunuzi atasema mlimdanganya.

Kila kikapu kipigwe picha nne: kikiwa kizima, ndani, fundo la kishikio kwa karibu, na kikiwa mkononi mwa mtu ili ukubwa wake ueleweke. Kisha ongezeni ya tano ambayo wasusi wengi huisahau: kikapu kikiwa na sukuma wiki, nyanya na mkate. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo kila aendaye sokoni anahitaji cha kubebea. Nyinyi mnauza hicho. Msikiuze kama pambo la ukutani peke yake.

Kipimeni pia nguvu. Tieni pakiti tatu za unga za kilo mbili mbili, mkitundike usiku kucha kwenye boriti. Asubuhi kishikio kikiwa hakijalegea, andikeni bila woga: "Hubeba kilo 6." Maelezo yawe hivi, mstari mmoja: "Kikapu cha magugu maji, kimo sm 30, mdomo sm 35, hubeba kilo 6, KSh 1,200." Bei ni yenu kupanga, lakini iandikwe. Ule mtindo wa kumwambia mtu aulize bei faraghani unawafukuza wanunuzi halali. Wengi hudhani bei itategemea sura yao.

Kuhusu zile 3,000, sisi tungezigawa hivi. Kama 1,000 ziende kwenye vitambulisho vya kufunga kwenye bidhaa. Karatasi ngumu ya A4 hutoa vipande 12 vya sentimita 5 kwa 9, kwa hiyo karatasi 10 zinawapa vipande 120: vya vikapu hivi arobaini, na themanini vya akiba. Upande mmoja jina la kikundi na namba ya simu. Upande wa pili namna ya kukitunza: "Usikiloweke. Futa kwa kitambaa kikavu. Kikipata maji, kianike penye hewa." Kitoboeni, mkifunge kwa uzi wa katani wa sentimita 25 kila kimoja, mita 30 za uzi zinatosha vyote. Kitambulisho hiki ndicho kitakachoonekana na jirani wa mteja wenu, akiuliza, "Hiki umekitoa wapi?" Bila namba, swali hilo hujibiwa kwa kuelekeza mkono tu upande wa ziwani.

Nyingine 200 ni za manila na uzi, 600 za bando la mwezi, na 1,200 ziwekwe. Vikishauzwa vikapu kumi kwa picha mpya, hapo mwiteni huyo kijana. Tangazo lilenge Kisumu na viunga vyake, lisitawanywe Kenya nzima, na likibonyezwa lifungue WhatsApp yenu. Lianze siku tatu au nne kabla ya mishahara. Watu wakiuliza sana bila kununua, someni wanachouliza: kama wote wanauliza ukubwa, tatizo liko kwenye maelezo, na kuongeza pesa hakutasaidia.

Ninashona mikoba ya kitenge. Nilifungua kundi la WhatsApp nikaingiza watu 180 kutoka kwenye simu yangu. Zaidi ya nusu wametoka, wengine kwa maneno makali. Na stetasi yangu hutazamwa na watu ishirini tu. Nimekosea wapi? (Mshonaji, Kondele)

Umekosea pale pa kuwaingiza bila kuwauliza, dada. Mbali na adabu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu akubali kabla namba yake haijatumiwa kumuuzia kitu. Lifunge kundi hilo kwa ujumbe mfupi wa kuomba radhi, usilifufue.

La stetasi lina sababu ya kiufundi. Stetasi yako humfikia mtu ikiwa wewe una namba yake na yeye ana yako. Wengi kati ya wale 180 hawajakuhifadhi. Orodha ya tangazo, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, nayo ni vivyo hivyo: orodha moja hubeba hadi watu 256, lakini ujumbe huwafikia tu waliohifadhi namba yako, na wengine hutawajua maana hakuna onyo lolote. Basi kazi yako ya kwanza ni kuhifadhiwa. Mteja akishalipa, mtumie picha ya mkoba wake ukiwa tayari, kisha umwandikie: "Hifadhi namba hii kwa jina Mikoba Kondele, nikupe habari vitenge vipya vikifika. Usipotaka, niambie tu." Mtu aliyekwisha kununua hakatai hilo kwa urahisi.

Hamia kwenye WhatsApp ya biashara. Ni ya bure. Jaza katalogi, bei ikiwemo. Andika ujumbe wa salamu unaojitokeza wenyewe, uutaje muda wako wa kazi. Tumia lebo kutenganisha waliolipa na wanaosubiri, maana kusahau oda ya mtu ni kumpoteza. Kiungo chako kiandike wa.me/ kikifuatwa na 254 na namba yako, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Wengi huandika wa.me/07 na kiungo hakifunguki, nao wanashangaa mbona kimya.

Stetasi tatu au nne kwa siku zinatosha. Ukiweka ishirini, mtu huruka zote. Onyesha mkono wako ukigeuza pindo, onyesha bitana ndani na zipu ikifunguka na kufungwa. Hapo ndipo mnunuzi huona tofauti ya mkoba wako na ule wa dukani. Kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 5, weka zilizo tayari kuuzwa. Katikati ya mwezi, weka zinazoshonwa.

Duka la zawadi hapa Nakuru limekubali kuniuzia ndala zangu za ngozi za shanga, lakini kwa mali kauli, yaani nilipwe zikishauzwa. Wanataka asilimia 30. Nikubali? (Fundi wa ngozi, Nakuru)

Piga hesabu kwanza, ndugu. Ndala ikiuzwa 1,500, duka linakata 450 na wewe unapata 1,050. Kama ngozi, soli, gundi, shanga na siku yako ya kazi vinafika 900, imebaki 150, na duka limekutangazia bure kwa wageni wanaopita kwenda Mbuga ya Ziwa Nakuru. Kama gharama inafika 1,100, unalipa ili uuziwe. Pandisha bei au uache.

Ukikubali, peleka jozi sita, zisizidi, za namba zinazotembea. Andika hati nakala mbili: tarehe, idadi, namba za viatu, bei, na siku ya kuhesabu, tuseme kila baada ya wiki mbili. Itaje wazi jozi itakayopauka kwa jua la dirishani ni hasara ya nani, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Na usiuze kwa WhatsApp kwa 1,200 kile ambacho duka linauza 1,500. Mwenye duka atajua, na atakurudishia mzigo wako wote siku hiyohiyo.

Nachonga bakuli na sanamu za mawe hapa Tabaka. Wateja wa Nairobi wananiona mtandaoni na kuagiza, lakini mzigo ukifika mawili matatu yamevunjika, na wananiandika vibaya. (Mchongaji, Tabaka)

Kwako ufungaji ndio tangazo. Jiwe la Kisii ni laini. Ndiyo sababu linachongeka kwa kisu, na ndiyo sababu linavunjika. Halivunjiki sana kwa kuanguka kwa katoni. Huvunjika kwa kugongana lenyewe kwa lenyewe humo ndani. Kila kipande kivishwe karatasi tatu za gazeti, kila moja kwa mzunguko wake. Sanamu yenye shingo nyembamba au mikono iliyotokeza, jaza kwanza gazeti lililofinyangwa kwenye uwazi, ndipo uvishe. Bakuli zisimamishwe kwa ubavu kama sahani kwenye kabati. Zikilazwa moja juu ya nyingine, ya chini hubeba uzito wote kwenye barabara mbovu. Chini, pembeni na juu ya katoni kuwe na sentimita 5 za maranda ya mbao au gazeti. Funga, kisha itikise karibu na sikio. Ukisikia lolote, fungua uanze upya. Kwa oda kubwa, tia katoni ndani ya katoni.

Piga picha kabla ya kufunika, na picha ya risiti ya matatu, umtumie mteja zote mbili kabla gari halijaondoka. Mzigo ukifika salama, mwombe picha ya bakuli mezani kwake na ruhusa ya kuiweka kwenye ukurasa wako. Wale walioandika vibaya, wajibu hadharani kwa upole, uwapelekee kingine. Wanaokuja kusoma husoma pia jibu lako.

Nilipie meza kwenye maonyesho? Na nifanyeje mteja akinionyesha ujumbe wa M-Pesa huku simu yangu iko kimya? (Mtengenezaji wa shanga, Kakamega)

Jumlisha meza, nauli na chakula. Tuseme ni 3,500, na kila mkufu unakuachia 350: lazima uuze mikufu kumi kabla hujapata shilingi moja. Nenda siku moja kama mtazamaji, kaa saa mbili, uhesabu ni wangapi wanaondoka na kitu cha mkono mkononi. Ukiamua kwenda, chukua na vitu vya shilingi 100 na 150. Anayenunua hereni leo ataondoka na namba yako.

Kuhusu M-Pesa, ujumbe ulio kwenye simu ya mteja haukuhusu. Hata ukija kwenye simu yako, tazama umetoka kwa nani: wa kweli hutoka kwa jina MPESA, wa wizi mara nyingi hutoka kwa namba ya kawaida. Fungua menyu yako mwenyewe, angalia salio, ndipo mkufu utoke mkononi. Anayekuharakisha wakati huo, mwambie asubiri.