Akaunti ya benki ugenini: shughulikia anwani kwanza

Ukihamia nchi nyingine kwa kazi au masomo, utazungushwa hivi: mwenye nyumba anataka pango lilipwe kutoka benki ya hapo, benki inataka uthibitisho wa unapoishi, na mwajiri anasubiri namba ya akaunti ndipo akuingizie mshahara. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Nimeona wageni wengi wakikwama hapo kwa wiki kadhaa, na karibu wote walidhani kizuizi ni pasipoti au kibali. Mara nyingi kizuizi ni anwani.

Kwa hiyo kabla ya kwenda benki, tafuta karatasi moja yenye jina lako kamili na mahali unapoishi. Mkataba wa pango ndio bora. Kama bado umehifadhiwa kwa mtu, omba barua chuoni au kwa mwajiri, iwe na nembo, tarehe ya karibuni na sahihi, na uulize mapema kama benki hiyo inaipokea, maana kila benki ina masharti yake. Aliye katika Umoja wa Ulaya ana nguvu zaidi: agizo la mwaka 2014 linampa kila anayeishi humo kihalali haki ya akaunti ya msingi ya malipo, hata akiwa hana anwani ya kudumu, wakiwemo waomba hifadhi. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Usiondoke dirishani na jibu la mdomo tu.

Jina nalo huchelewesha watu bila sababu. Fungua ukurasa wa picha kwenye pasipoti, tazama mistari miwili ya chini yenye alama za <. Jina linalofuata baada ya herufi za nchi, kabla ya alama mbili za <<, ndilo mashine inalolisoma kama la ukoo. Liandike hivyohivyo kwenye fomu ya benki, mkataba wa kazi na mkataba wa nyumba. Mshahara uliotumwa kwa majina yaliyopangwa vingine unaweza kurudishwa ulikotoka.

Utapewa pia fomu inayouliza wewe ni mlipakodi wa nchi gani. Usiiogope. Tangu OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, ilipoandaa utaratibu wa pamoja mwaka 2014, nchi zaidi ya 100 zimekubali kupeana taarifa za akaunti za wageni. Fomu haikutozi chochote. Jibu kweli, na ukihamia kwingine uisahihishe.

Katika matumizi ya kila siku, uliza kwanza makato ya mwezi na ya kutuma fedha nje. IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa inayoanza na herufi mbili za nchi, haitumiki kila mahali, Marekani hawana. Hata hivyo, kama akaunti yako ina IBAN, anayekutumia fedha kutoka huko ataihitaji pamoja na msimbo wa SWIFT unaotambulisha benki yako, wenye herufi na tarakimu 8 au 11. Na ukitumia kadi ya nchi uliyotoka, mashine ikakuuliza kama ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya hapo, chagua ya hapo, kwa sababu kiwango cha mashine kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako. Laini ya simu ya zamani usiiache ikafa kabla hujabadilisha namba kwenye benki ya nyumbani. Misimbo ya kuthibitisha miamala inaendelea kwenda huko.

Sasa jambo ninalowasihi wanafunzi hasa. Atakuja mtu mpole, pengine wa lugha yako, akuombe apitishie fedha kwenye akaunti yako halafu ubaki na kiasi fulani. Kataa, hata kama anakudai fadhila. Hivyo ndivyo fedha za wizi zinavyotakatishwa, na jina linaloonekana kwenye muamala ni lako. Akaunti inaweza kufungwa, benki nyingine zikakukataa, na kesi ikagusa kibali chako cha kuishi. Kama fedha usizozijua zimeshaingia, usizitume popote. Ijulishe benki siku hiyohiyo.

Ukifika wakati wa kuondoka, usifunge akaunti wiki ya safari. Amana ya nyumba na kodi iliyokatwa kupita kiasi huweza kurudishwa miezi baadaye, na mara nyingi hupelekwa kwenye akaunti hiyohiyo.